Mjomba, wenzangu wamekua wakaniacha kama Steven

Mjomba, shikamoo.

Naandika kutoka Tanga. Nina miaka 17, mwezi wa tatu natimiza 18. Naanza na jambo ambalo nimeona haya kumwambia mtu yeyote hapa mtaani: katuni imeniliza. Nililia mpaka mdogo wangu wa kike, tuliyekuwa tunaitazama naye kwenye simu, akatoka nje kumwita mama.

Katuni yenyewe ni Steven Universe Future, ya Marekani, mwendelezo wa ile ya kwanza iliyoitwa Steven Universe. Kama hujaiona, Steven ni mvulana ambaye baba yake ni binadamu na mama yake alikuwa Kito, kiumbe wa sayari nyingine ambaye uhai wake umo ndani ya jiwe. Mama aliutoa mwili wake ili yeye azaliwe. Akalelewa na Vito watatu, Garnet, Amethyst na Pearl, kwenye nyumba ya ufukweni. Mate yake yanaponya. Waliogombana anawapatanisha, waliovunjika anawaunga, mpaka uhasama mkubwa wa Vito ukaisha kwa sababu yake. Kwenye mwendelezo huu ana miaka 16, vita hakuna tena, na kila mtu ameshika njia yake. Rafiki yake Lars anaondoka na chombo cha angani. Bendi ya rafiki mwingine, Sadie, imevunjika. Connie, ambaye Steven anampenda, anahangaikia kuingia chuo kikuu. Steven mwenyewe hajawahi hata kukaa darasani. Basi akipandwa na hasira mwili unang'aa rangi ya waridi, na vitu vinapasuka bila yeye kukusudia.

Mimi sing'ai, lakini mengine yote ni yangu.

Tulikuwa wanne tangu darasa la tano, wavulana watatu na msichana mmoja. Mtaani walituita Mafiga, ingawa mafiga huwa matatu. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha hesabu jioni uani kwetu. Mmoja alipokosa michango ya shule, nilipita mimi kwa wenzetu kumchangishia. Wakigombana, kila mmoja alikuja kwangu kivyake. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Januari nilikuwa nimefaulu kuliko wote. Nikachaguliwa kwenda kidato cha tano mkoani Iringa, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu.

Mwezi wa tano baba akapata kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno yanamtoka kwa shida. Mama anauza chapati na maharage kuanzia alfajiri, wadogo zangu bado wadogo. Mwezi wa saba wenzangu wakaanza kuondoka, mimi nikabaki. Namgeuza baba, namwogesha, nafungua duka, nafunga duka. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema mwenyewe, "Msiwe na wasiwasi, mimi nipo."

Sasa ni Desemba, wamerudi likizo. Mmoja anasoma Mbeya, mwingine yuko Kariakoo kwenye duka la baba yake mdogo, msichana yuko chuo cha uuguzi Moshi. Tulikaa barazani kama zamani. Wakaanza habari za bweni, za wodi, za wateja wa Kariakoo, wakawa wanacheka utani ambao sijui ulianzia wapi. Nikauliza nani hesabu zimemshinda nimsaidie. Wakatazamana. Yule wa Mbeya akasema, "Siku hizi kuna jamaa bwenini ananielewesha." Alisema kwa upole tu. Nikarudi nyumbani nikaupiga ngumi mlango wa stoo mpaka ubao ukapasuka. Mdogo wangu wa kiume, ana miaka 9, akaja kuangalia kuna nini. Nikamsukuma, akaanguka, akachubuka kiwiko. Tangu siku hiyo nikiingia chumbani anatoka.

Kuna jingine. Yule msichana ndiye nimpendaye. Usiku wa kuamkia safari yake mwezi wa kumi nilimwambia asiende, atafute chuo hapa hapa Tanga, nami nitamposa mambo yakitulia. Alilia, akasema hapana. Kwa hiyo Steven alipomwomba Connie waoane na Connie akasema si sasa, nilijiona mimi pale. Hapo ndipo nilipolia.

Silali vizuri. Moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Mama akiniuliza namwambia niko sawa. Mjomba, nifanye nini wenzangu wasinisahau? Au nikubali tu kwamba mimi ndiye wa kubaki?

Aliyebaki, Tanga


Marahaba, mpwa wangu.

Kwanza pole kwa baba. Kumwogesha mzazi wako mwenyewe, tena kwa umri huo, ni kazi ambayo watu wazima wengi wanaikwepa. Nimeona umeiandika kwa mstari mmoja tu kisha ukaendelea na mengine. Nitairudia baadaye.

Kabla ya kukujibu niliitafuta hiyo katuni nikaitazama yote, sehemu 20, kila moja dakika kumi na moja hivi. Nilitaka kujua nini kimekuliza kabla sijafungua mdomo. Usione haya. Rebecca Sugar, aliyeiunda, alimpata Steven kwa kumfikiria mdogo wake wa kiume, ambaye naye anaitwa Steven. Ilianza kuonyeshwa mwaka 2013, na waliokuwa wadogo wakati ule walikuwa vijana kama wewe huu mwendelezo ulipomalizika Machi 2020. Wamekua pamoja naye. Si ajabu kuwa imekufikia na wewe ukiwa Tanga umeshika simu.

Umeniuliza ufanye nini wasikusahau. Mimi nimekwama kwenye maneno mengine, yale uliyoyasema baba alipougua: "Msiwe na wasiwasi, mimi nipo." Nimetafuta kwenye barua yako nzima mtu aliyekujibu, "Na wewe je?" Sikumpata. Inawezekana hakuna aliyeuliza. Inawezekana pia waliuliza, ukawajibu kama unavyomjibu mama.

Tuangalie ile sherehe ya mahafali, Lars anapoaga. Steven anashindwa kuvumilia. Anang'ang'ania mambo yarudi kama yalivyokuwa, na mara ukuta wa waridi unatokea, unawafungia watu wote ndani, halafu unaanza kubana. Hakutaka kumdhuru mtu. Hofu yake tu ndiyo iliyojenga ukuta. Nimeirudia sehemu hiyo mara mbili, kwa sababu naona wengi tunaielewa vibaya. Tunasema Steven anaumia kwa kuwa marafiki wanaondoka. Marafiki huondoka, na mtu huumia, akapona. Kinachomtesa huyu ni kwamba tangu utotoni watu wamemjia kupitia mlango mmoja, mlango wa shida. Aliyevunjika alikuja aungwe, aliyegombana alikuja apatanishwe. Siku shida zao zilipokwisha hakujua akae wapi katikati yao.

Sasa rudi barazani. Mmekaa wanne, wenzako wanacheka, na wewe katika maneno yote ya duniani ukauliza nani hesabu zimemshinda. Uliurudia ule mlango wako. Ukaukuta umefungwa, tena kwa upole, ndiyo maana uliuma zaidi. Lakini mpwa wangu, hebu watazame tena. Mmoja katoka Mbeya, mmoja Dar, mmoja Moshi, wameshuka stendi ya Kange na mabegi yao, na bado wamekuja kukaa na wewe. Hakuna hata mmoja mwenye hesabu ya kufundishwa wala mchango wa kuchangiwa. Walikuja kwa ajili ya nini, kama si wewe?

Hilo la hesabu kufundishwa na mtu mwingine litaendelea kukuchoma kwa muda, sitakudanganya. Lakini limekuchoma kwa sababu ulimfundisha vizuri mpaka akafika kidato cha tano.

Kuhusu binti, hapa nitakusema kidogo, na unisikilize kama unavyomsikiliza ndugu wa mama yako. Steven alipomwomba Connie waoane alikuwa na mpango kamili. Wale wawili wanaweza kuungana wakawa mtu mmoja, Stevonnie, na yeye alitaka wabaki hivyo maisha yao yote. Fikiria maana yake. Asingelazimika tena kukaa peke yake na nafsi yake, wala kujiuliza yeye ni nani bila kazi ya kuponya. Alikuwa amebeba mapenzi ya kweli mkono mmoja, na mkono wa pili alikuwa anatafuta pa kujificha. Connie aliuona ule mkono wa pili. Alimpenda, akasema si sasa. Nadhani binti wa Moshi naye aliuona wako. Ulimwomba akatae chuo usiku wa kuamkia safari, mabegi yamefungwa, ili wewe usibaki peke yako. Kama angekubali, leo angekuwa amekaa Tanga bila cheti, na wewe ungekuwa na deni kwake ambalo hakuna mahari ya kulilipa.

Hujaharibu kila kitu. Kabla hajarudi chuoni mwambie uso kwa uso: nilikosea kukuomba usiende, nenda kasome. Ukifika hapo nyamaza. Usiongeze "lakini". Posa iache kabisa kwa sasa, usiitaje hata kwa utani. Muulize wodini kukoje, anaogopa nini, wagonjwa wa kiharusi wanahudumiwaje. Huyo binti anasomea kazi ile ile unayoifanya wewe chumbani kwa baba yako kila siku, na sidhani kama mmewahi kuzungumza juu yake.

Nije kwenye sehemu ya hospitali, ambayo kwangu ndiyo kiini cha hadithi nzima. Mwili wa Steven unaanza kuvimba ovyo, na Connie anampeleka kwa mama yake, Daktari Maheswaran. Kumbe mtoto huyu, aliyeponya wengine wasio na idadi, hajawahi kuonwa na daktari. Anapigwa picha ya eksirei. Daktari anaona mifupa iliyowahi kuvunjika mara nyingi ikajiunga yenyewe, na hata fuvu lina alama. Kila pigano lilikuwa limebaki mle ndani. Steven alikuwa amesahau, mwili ulikuwa unakumbuka. Daktari anamweleza kwamba mtoto akipitia hatari nyingi, mwili wake unazoea kukaa tayari kwa hatari, kiasi kwamba hata jambo dogo likitokea unaitikia kama vile roho iko mashakani.

Hiyo si hadithi ya katuni peke yake. Ukistuka, mwili humwaga homoni za kukuandaa kupigana au kukimbia: adrenalini, na nyingine inayoitwa kotisoli. Moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, usingizi unakimbia. Hatari ikipita, mwili unatulia. Kwako haijapita tangu mwezi wa tano. Unalala sikio likiwa chumbani kwa baba, unaamka kufungua duka. Mtu wa hivyo akiambiwa jambo dogo barazani, ngumi inaweza kufika mlangoni kabla akili haijafika.

Kwa hiyo wiki hii nenda hospitali. Uko Tanga, Hospitali ya Bombo si mbali na wewe. Waambie moyo unakwenda mbio na hulali, wakupime presha na moyo wenyewe, tusije tukasema ni mawazo kumbe kuna jingine. Wakimaliza, uliza ofisa ustawi wa jamii au mshauri anayezungumza na vijana, umweleze yote uliyonieleza mimi. Kwa kuwa hujafika 18, unaweza pia kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haikatwi pesa. Ikitokea siku ukawaza kujidhuru, usisubiri jibu la barua kutoka kwangu. Mwamshe mama usiku huo huo.

Na umwambie mama ukweli. Kuna sehemu karibu na mwisho ambapo Steven anazunguka akimwambia kila mtu kwamba kila kitu kiko sawa. Wakati huo ameshamvunja Kito mmoja aitwaye Jasper vipande vipande msituni kwa hasira, amemrudishia uhai, na amelificha jambo hilo. Anacheka, anasema kiko sawa, kiko sawa. Mwisho anayatapika yote mbele ya watu wake na anageuka dubwana kubwa kuliko nyumba. Kilichomrudisha hakikuwa silaha. Walimkumbatia dubwana lile lile, wote kwa pamoja, mpaka akaweza kulia. Lakini ilibidi kwanza wajue. Mama yako anakuona asubuhi na jioni, naye anakuamini unaposema uko sawa, kwa kuwa hujawahi kumpa sababu ya kutokukuamini.

Ombeni kikao cha familia. Usikae ukasubiri watu wazima waone wenyewe. Mwambie mama awaite baba zako wadogo, shangazi, na wajomba zako wa damu, wakae chini muda huu wa likizo ndugu wakiwa nyumbani. Kumuuguza baba si mali yako peke yako. Mmoja anaweza kulala hapo siku mbili kwa wiki, mwingine akachangia pesa ya kijana wa dukani, mwingine akampeleka baba kwenye mazoezi ya viungo, ambayo ni muhimu sana kwa mtu wa kiharusi, hasa miezi ya mwanzo. Ndugu wengi hawasaidii kwa sababu wamesikia mtoto mkubwa yupo. Umesema "mimi nipo", wakalala usingizi.

Shule pia iwekwe mezani siku hiyo. Sitaki kukuahidi nafasi ambayo siwezi kukupa, ila kidato cha tano hakikufungwa maisha. Ulizia kwa ofisa elimu kama kuna njia ya kuingia mwaka unaokuja, au ya kusoma kama mtahiniwa wa kujitegemea ukiwa nyumbani, au kozi ya ufundi ya VETA wakati baba anapata nafuu. Uliandika "nikubali tu kwamba mimi ndiye wa kubaki" kama mtu aliyehukumiwa. Ulibaki kwa sababu baba aliugua mwezi wa tano. Hiyo ni sababu ya mwaka huu.

Wenzako nao waambie. Nadhani hawajui. Wanajua baba anaumwa, ila hawajui kwamba unamgeuza usiku, wala kwamba siku ya mabasi ya mwezi wa saba ulikuwa dukani ukihesabu sabuni. Wape nafasi ya kukuchangishia wewe safari hii. Yule wa Kariakoo anaweza kukutafutia bidhaa za duka kwa bei ya jumla, yule wa Mbeya anaweza kukupigia picha daftari zake za PCM. Utaona aibu kupokea. Pokea hivyo hivyo.

Katika sehemu ya mwisho kabisa Steven anafunga mizigo na kuondoka mji wake kwa gari. Amekuwa akizungumza na mshauri wa mambo ya akili, anaendelea vizuri, lakini kuna jambo linamkera: Garnet, Amethyst na Pearl wanaonekana hawana huzuni hata kidogo. Anaumia kimoyomoyo. Kumbe walikuwa wanajizuia wasimwongezee mzigo, na alipoonyesha kuumia, wote wakamwangukia kwa vilio. Labda hata barazani kwenu wapo wanaojizuia hivyo. Yule wa Mbeya aliyesema kwa upole, sidhani kama alilala vizuri siku hiyo.

Limebaki moja, nalo usilicheleweshe hata kesho. Mdogo wako wa kiume. Mtoto wa miaka 9 haombwi radhi kwa pipi. Chuchumaa muwe sawa kwa kimo, umwambie: nilikusukuma, nilikosea, hukuwa na kosa lolote. Usimdai akusamehe pale pale, wala usimshike kama hataki kushikwa. Halafu tafuta ubao na misumari, muutengeneze pamoja ule mlango wa stoo. Wewe shikilia ubao, nyundo mpe yeye.

Mjomba